Mjumbe hauawi, lakini ujumbe hupotea

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mjumbe wa enzi zao alikuwa mtu mwenye miguu. Alifika na vumbi lake, akapiga hodi, akasema alichotumwa, na kila mtu akaona kwamba kafika. Mjumbe wa leo haonekani. Anapita hewani, na akipotea njiani hapigi kelele. Aliyemtuma anaamini kafika, na aliyetumiwa hana habari kwamba kulikuwa na mjumbe. Ndipo ndugu wawili wa damu moja wanapogombana, mmoja akisema "nilikutumia", mwingine akisema "sikupata", na wote wawili wanasema kweli.

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili tuizungumzie meseji ya kikundi, yaani ule ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo. Kwa nini simu za aina moja zinaelewana, lakini aina zikichanganyika ujumbe unakatika, au majibu yanarudi kwa mtu mmoja tu, au haufiki kabisa? Na mtu wa kawaida, asiye fundi, afanye nini?

Tuchukue mfano wa ukoo mmoja wa kubuni, lakini wa aina tunayoijua sote. Bibi anaishi Ulaya. Si Ulaya ya ng'ambo, ni Ulaya ile ya wilaya ya Kilosa, na simu yake ni kitochi. Baba mdogo ana nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, naye anatumia simu ya Android. Shangazi yuko Dar es Salaam, ana iPhone. Mjukuu ni utingo wa lori, leo yuko Mikumi, kesho Tunduma, na simu yake ina laini mbili. Umetokea msiba Kilosa mjini. Mazishi yaliyopangwa Jumamosi yamerudishwa nyuma hadi Ijumaa. Shangazi anaandika ujumbe mmoja mrefu na kuutuma kwa ndugu kumi.

Baba mdogo anajibu: "Sawa, turubai nitaleta mimi." Jibu linamfikia shangazi peke yake. Ndugu mwingine naye anaahidi turubai, na jibu lake linaishia huko huko. Bibi anapata kipande cha pili cha ujumbe bila kipande cha kwanza. Mjukuu hapati kitu. Ijumaa inafika, kuna maturubai mawili na hakuna mchele. Mjukuu anaingia Jumamosi, watu wameshatawanyika na kaburi limeshafukiwa. Hapo ndipo yanapoanza maneno ya "shangazi anajidai kwa kuwa yuko mjini". Shangazi wa watu hana kosa. Tatizo liko katika njia ambazo ujumbe wake ulipitia.

Njia ni nne

Simu unayoishika mkononi ina njia zaidi ya moja ya kupeleka maandishi, na mara nyingi inachagua yenyewe bila kukuuliza.

Njia ya kwanza ni ujumbe mfupi wa kawaida, ule tulioanza nao, ujulikanao kama SMS. Wa kwanza duniani ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, pale mhandisi Neil Papworth alipotuma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mtandao wa Vodafone. Sifa yake kubwa ni kwamba kila simu inaupokea, kuanzia kitochi hadi simu ya mamilioni. Hauhitaji intaneti. Unapita katika mkondo mwembamba ule ule ambao simu hutumia kuzungumza na mnara, kwa hiyo hufika hata pale ambapo intaneti imegoma. Lakini una kasoro moja. Unajua namba mbili tu, ya mtumaji na ya mpokeaji. Haujui kitu kinachoitwa kikundi. Ukituma kwa ndugu kumi, simu inaandika barua kumi, kila moja katika bahasha yake. Mpokeaji haoni nani wengine wamepata, na jibu lake linarudi kwako wewe peke yako.

Njia ya pili ni ule ujumbe uliobuniwa kwa ajili ya kupeleka picha, uitwao MMS. Huu unajua kikundi, kwa sababu unabeba orodha ya namba zote, na kila mmoja anaweza kuwajibu wote. Lakini mara nyingi unataka data ya laini yenyewe iwe imewashwa, hata kama nyumbani kuna Wi-Fi. Unataka pia simu iwe na mpangilio maalumu unaotolewa na kampuni ya mtandao. Aliyezima data ili kutunza bando lake haupati, na vitochi vingi haviujui kabisa.

Njia ya tatu ni iMessage, iliyoletwa na kampuni ya Apple mwaka 2011. Inapita kwenye intaneti na ni ya vifaa vya Apple peke yake. Ndani yake mambo ni matamu: kikundi kinaelewana, picha zinang'aa, na unaona mwenzako anapoandika. Nje ya uzio huo haipo.

Njia ya nne inaitwa RCS. Huu ni mpango wa makampuni ya simu wa kuipa SMS mrithi wa kisasa. Google waliusukuma katika simu za Android, na Apple wakaukubali katika iPhone kuanzia Septemba 2024, kwa toleo la iOS 18. Nao unatumia intaneti, na kwenye iPhone lazima kampuni yako ya mtandao iwe imeufungulia mlango.

Sasa shika jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu ya leo. Ujumbe wa kikundi hulazimika kupita katika njia ambayo wote waliomo wanaweza kuipita. Wakiwa kumi wenye iPhone, kikundi kinapita njia ya Apple. Akiingia mmoja mwenye Android, simu inatafuta RCS au MMS. Na kama MMS imezimwa, au mtandao hautoi, iPhone inaugawa ujumbe kuwa barua kumi za SMS. Hicho ndicho kilichompata shangazi. Yeye alidhani amewaita ndugu barazani, kumbe alimnong'oneza kila mmoja mlangoni kwake.

Rangi nazo zisikusumbue. Katika iPhone, maandishi unayotuma yakiwa ndani ya buluu yamepita iMessage, yakiwa ndani ya kijani yamepita mojawapo ya njia zile nyingine. Huko Marekani vijana wamefikia kubaguana kwa rangi hizo, na jambo hilo limetajwa hata katika kesi ambayo Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilifungua dhidi ya Apple mwezi Machi 2024. Sisi tuichukulie rangi kama kibao cha barabarani. Inaonyesha njia iliyotumika, haisemi lolote juu ya hadhi ya mtu.

Marekebisho, simu kwa simu

Tuanze na mwenye iPhone. Fungua mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu la meno, kisha tafuta sehemu ya Messages. Katika matoleo mapya imewekwa ndani ya Apps. Humo utakuta swichi za MMS Messaging na Group Messaging. Ziwashe. Washa pia ile inayoruhusu ujumbe utumwe kama SMS iMessage inaposhindwa. Ukiona swichi ya RCS, iwashe nayo. Kama swichi fulani haipo kabisa, usihangaike na fundi. Mara nyingi maana yake ni kwamba kampuni yako ya mtandao haitoi huduma hiyo kwa simu hizo, na hakuna bisibisi itakayoileta.

Bado hapo hapo, tazama palipoandikwa Send & Receive. Hakikisha namba yako ya simu ndiyo iliyochaguliwa na wala si anwani ya barua pepe. Wengi wanatuma kwa anwani ya barua pepe bila kujua, na ndugu wanaona ujumbe kutoka kwa mtu wasiyemfahamu. Kikundi kimoja kinazaa viwili, na mazungumzo yanagawanyika.

Lipo jingine linalowaumiza watu wa kwetu zaidi, maana sisi tunahamisha laini kama tunavyohamisha kiti. Umeme umekatika, chaji imekwisha, mtu anatoa laini kwenye iPhone na kuitia kwenye kitochi. Au ameiuza iPhone na kununua simu nyingine. Huku nyuma, mitambo ya Apple inaweza kuendelea kuamini kwamba namba ile bado ni ya iPhone. Ndugu zake wenye iPhone wanapomwandikia, ujumbe unakwenda kwenye njia ya Apple na kuishia huko, na kitochi kiko kimya. Dawa ni kuzima iMessage kabla ya kutoa laini. Kama ulishahama, Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba, uliowekwa mwaka 2014. Unaandika namba yako, unaletewa tarakimu sita kwa SMS, unazijaza, basi.

Mwenye Android afungue programu ya meseji, aingie kwenye mipangilio yake na kutafuta sehemu ya ujumbe wa kikundi. Atakuta machaguo mawili. La kwanza linatuma ujumbe mmoja kwa wote, na wote wanaona majibu. La pili linamtumia kila mtu peke yake. Yote mawili yana kazi, ila lazima ujue umechagua lipi. Katika programu ya meseji ya Google utaona pia kama RCS imeunganishwa au la. Na ukitumiwa ujumbe wa kikundi ukaona neno la kupakua ambalo haliishi kuzunguka, washa data ya laini, subiri kidogo, kisha jaribu tena.

Mwenye kitochi naye asidharauliwe, kwa kuwa huyu ndiye anayepatikana umeme ukiwa umekatika siku tatu. Ugonjwa mkubwa wa kitochi ni kujaa. Nafasi ya kuhifadhi meseji ni ndogo, na ikijaa mpya haziingii. Katika simu nyingi za namna hiyo, kile kialama cha bahasha kikiwakawaka bila kukoma kinaomba ufute za zamani. Kijana unapokwenda likizo, kabla ya kuomba ugali, mfutie bibi yako meseji za matangazo ya bahati nasibu.

Mwenye laini mbili achague moja kwa mambo ya ukoo na kujibu kwa hiyo hiyo siku zote. Akijibu kwa laini ya pili, simu za wenzake zinamhesabu kuwa mtu mwingine. Na sote tuhifadhi namba kwa mtindo kamili, kuanzia na alama ya kujumlisha na 255 badala ya sifuri ya mwanzo. Namba hiyo itafanya kazi hapa nyumbani, ng'ambo, na katika programu zote.

Penye msafara wa mamba, kenge nao wamo. Vikundi vinapogawanyika na majibu kuja kutoka kwa namba ngeni, matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupata mwanya, hasa wakati wa michango ya msiba. Usitume mchango kwa namba mpya kabla ya kusikia sauti ya mwenyewe. Ukimtambua tapeli, TCRA wana namba 15040 ya kupelekea namba yake.

Herufi zinazokula nafasi

Kwa nini bibi alipata kipande cha pili bila cha kwanza? SMS moja inabeba herufi 160. Ukizidisha, simu inaukata ujumbe vipande na kuuunganisha upande wa pili, na simu za zamani wakati mwingine zinashindwa kuunganisha, au kipande kimoja kinachelewa njiani.

Lakini iko siri ambayo wengi hawaijui. Herufi 160 ni kwa alama za kawaida tu. Ukitia hata kikatuni kimoja cha uso unaocheka au mikono inayoomba, ujumbe mzima unabadilishiwa hesabu, na SMS moja inabaki na herufi 70. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Ni ile alama ya ritifaa iliyo katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Iliyonyooka haina shida. Baadhi ya simu za kisasa, kwa kutaka urembo, huipinda kama ndoana, na ndoana hiyo haimo katika orodha ya alama za kawaida. Kwa hiyo ng'ombe mmoja mwenye ritifaa iliyopinda anaweza kuugawa ujumbe wako mara mbili au tatu, na kila kipande kikahesabiwa kama SMS.

Mazoea mengine ya kuacha ni kubonyeza ujumbe wa mwenzako na kuuwekea alama ya dole au ya kicheko. Ndani ya uzio wa Apple inaonekana picha ndogo tu. Nje ya uzio, katika SMS, mara nyingi inakwenda kama sentensi ya Kiingereza yenye kunukuu ujumbe wote upya. Kidole kikiteleza, bibi atasomewa kwamba mwanawe "Laughed at", yaani amecheka, tangazo la msiba.

Je, WhatsApp si dawa?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na ndiyo maana imeenea. WhatsApp haijali kama ni iPhone au Android, kwa sababu ina njia yake moja. Ina pia faida ya kukuonyesha aliyepata na asiyepata. Katika kikundi, vema mbili hazitokei mpaka ujumbe uwe umefika kwa wote. Ukiona vema moja, ubonyeze ujumbe wako, fungua taarifa zake, na utaona nani amebaki.

Lakini nayo ina mipaka yake. Kuna ile orodha ya matangazo, inayotuma kwa watu wengi bila kuunda kikundi. Humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako katika simu yake, na ambaye hakuihifadhi hapati, wala wewe huambiwi. Simu za zamani nazo huachwa nyuma. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, zikiwamo iPhone 5s na iPhone 6. Na mwenye kitochi, au aliyeishiwa bando, hayumo kabisa.

Lisilosubiri

Wenye umri wangu mnakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa ikifika, nyumba nzima inanyamaza. Wimbi lilikuwa moja. Halikuuliza redio yako ni ya kabati au ya betri mbili zilizoanikwa juani, na aliyekosa aliambiwa na jirani. Siku hizi kila mtu ana redio yake ndogo mfukoni, na mawimbi hayafanani.

Na si misiba tu. Watu wa Kilosa wanajua maana ya taarifa kuchelewa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 maji yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma eneo la Magole na Dumila. Maji yakipanda usiku, umeme hauna uhakika na intaneti inalegea. Anayeishi bondeni hana haja ya picha zinazong'aa. Anataka maneno matano yanayofika.

Kwa hiyo kila ukoo, kila kikundi cha kuweka na kukopa, kila kamati ya mtaa ijiwekee utaratibu. Porojo, picha za harusi na salamu za sikukuu ziende kwenye WhatsApp au popote mpendapo. Lakini jambo lisilosubiri liende pia kwa SMS ya kawaida, fupi, bila vikatuni. Mathubutu: "MSIBA. Mazishi ni IJUMAA saa 8 mchana, si Jumamosi. Kilosa mjini. Jibu NIMEPATA." Hizo hazifiki herufi 100, na zinaingia katika simu yoyote iliyo hewani.

Kisha achaguliwe mtu mmoja wa kupiga mbiu, mwenye orodha ya majina yote. Ahesabu majibu ya NIMEPATA. Asiyejibu kwa muda mliokubaliana apigiwe simu, na asiyepatikana atumiwe mtu. Kutuma ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuhakikisha imepokelewa. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini jambo hilo ni la aliyeisikia.

Na kabla hujamnunia ndugu yako kwa ujumbe asioujibu, mwulize kwanza anatumia simu gani.

Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.